Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema: namna ya kuitibu na kizazi kikabaki

Kwa mwanamke ambaye bado anataka kuzaa, jina la ugonjwa peke yake haliamui tiba. Kinachoamua ni milimita: saratani imezama kiasi gani, ina upana gani, na kingo za kinyama kilichokatwa ni safi au la. Mwenye saratani iliyozama milimita 2 anaweza kutibiwa kwa upasuaji mdogo na kurudi kulala kwake siku hiyohiyo. Mwenye uvimbe wa sentimita 5 hana njia salama ya kubakiza kizazi, hata akipelekwa India. Kati ya hao wawili wamo wanaotolewa kizazi kwa sababu tu vipimo havikukamilika, na wamo wanaoachiwa kizazi kwa sababu hiyohiyo, kisha saratani ikawarudia.

Mwongozo huu unamfuata mgonjwa tangu majibu ya kwanza mpaka kujifungua. Umeandikwa kwa ajili yake na ndugu wanaomsindikiza, lakini muuguzi au daktari wa wilaya anayeandika rufaa naye atapata humu la kumfaa.

Hatua ya 1: Koni kwanza, tiba baadaye

Kinyama kidogo kinachonyofolewa kliniki kinatosha kusema saratani ipo. Hakitoshi kusema imezama kiasi gani, kwa kuwa chenyewe kina milimita chache tu. Kama uvimbe hauonekani kwa macho, kinachofuata ni kukata koni, yaani kipande cha mlango wa kizazi chenye umbo la pia, ncha ikielekea ndani. Uvimbe ukionekana wazi, koni si lazima. Kinyama na MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku, vinatosha kuanzia.

Koni hukatwa kwa kisu, mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, au kwa waya wa umeme unaotumika kwenye kliniki za uchunguzi, ambao wengi wanaujua kwa jina la LEEP. Saratani ikishukiwa, kisu kina faida moja kubwa: hakiunguzi kingo. Waya nao unakubalika, mradi kipande kitoke kimoja kizima. Vikitoka vipande vitatu au vinne, hakuna mtaalamu wa patholojia, yaani anayesoma tishu kwa hadubini, atakayeweza kusema kwa uhakika ukingo upi ni wa mwisho na upi ni wa katikati ya mikato miwili. Hapa ndipo kesi nyingi huharibika mapema. Kuchoma kwa joto au kugandisha kwa baridi, ambazo ni tiba nzuri za mabadiliko yanayotangulia saratani, hazifai kabisa pale saratani yenyewe inaposhukiwa. Zinaua tishu bila kuacha kitu cha kupimwa.

Koni inayosomeka huandaliwa hivi. Daktari hupaka aidini ya Lugol ili sehemu isiyoshika rangi ionekane, hushona nyuzi mbili za kushikilia kulia na kushoto ili kupunguza damu, kisha hukata kipande chenye urefu usiopungua milimita 10. Kukata kirefu zaidi ya inavyohitajika si ushujaa: kadiri koni inavyokuwa ndefu, ndivyo hatari ya kujifungua kabla ya wakati inavyopanda. Baada ya hapo hukwangua njia iliyobaki juu ya mkato, na makwanguo hayo huwekwa kwenye chupa yake yenyewe.

Kabla kipande hakijaingia kwenye chupa kifungwe uzi upande wa mbele, ulioelekea kibofu, na fomu iandikwe hivyo kwa maneno: "uzi uko mbele". Kutaja upande kwa namba ya saa peke yake kunachanganya, maana saa 12 ya kwetu akrabu inaangalia chini. Chupa iwe na fomalini ya asilimia 10, ujazo wake angalau mara 10 ya kipande. Si maji ya chumvi, si spiriti. Kinyama kilichokaa siku mbili kwenye maji ya chumvi kikisubiri basi la mkoani huoza, na kikioza hakina cha kusema. Ndugu anayebeba chupa ana haki ya kuuliza ndani mna nini.

Nyumbani, majimaji na damu kidogo kwa wiki mbili hadi tatu ni kawaida. Kati ya siku ya 7 na ya 14 gamba hubanduka na damu inaweza kuongezeka. Ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, rudi hospitali usiku huohuo. Usifanye ngono wala usiingize chochote ukeni kwa wiki 4 hadi 6.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya majibu mstari kwa mstari

Hii ndiyo hatua tunayoipa uzito kuliko zote. Karatasi iliyoandikwa "saratani, imekatwa" na sahihi chini yake haitoshi kuamulia kizazi cha mtu. Omba nakala yako, kisha tafuta mambo sita.

La kwanza ni aina ya saratani. Iliyozoeleka zaidi inatokana na ngozi bapa ya mlango wa kizazi, na ya pili inatokana na tezi za ute, adenokasinoma. Zote mbili zinaweza kutibiwa kwa kubakiza kizazi. Zisizoruhusiwa ni aina ya seli ndogo za nyuroendokrini, na adenokasinoma ya aina inayofanana na ya tumbo, ambayo haitokani na HPV, virusi vinavyosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Hizi hukimbia mwilini mapema hata zikiwa ndogo. Mojawapo ya hizi ikitajwa, mazungumzo ya kubakiza kizazi huishia hapo.

La pili ni kina cha uzamaji, kwa milimita. Hupimwa kuanzia kwenye utando wa chini wa ngozi au tezi ambamo saratani ilianzia, kwenda chini mpaka seli ya mwisho. "Imezama kidogo" si kipimo.

La tatu ni kama seli za saratani zimeonekana ndani ya vijishipa vya damu au vya limfu. Kwenye karatasi mara nyingi huandikwa LVSI. Jibu la "ndiyo" hapa hupandisha uwezekano wa kukuta saratani kwenye tezi za limfu za nyonga na hubadilisha tiba hata kama kina ni kilekile.

La nne ni kingo. Ziko tatu: wa nje, upande wa uke, wa ndani, upande wa kizazi, na wa kando, ulio kwenye kina cha tishu. Kila mmoja utajwe. Miongozo mingi hupendelea kingo ziwe safi kwa milimita 3 au zaidi. Ukingo ukiwa na saratani, au na mabadiliko mazito yanayoitangulia, kina kilichoandikwa hakiaminiki tena, kwa sababu sehemu iliyozama zaidi huenda imebaki mwilini. Kwa kawaida koni hurudiwa baada ya jeraha kupona. Kukimbilia kutoa kizazi cha kawaida kwa sababu ya ukingo mchafu ni kosa la pande mbili: huenda hakikuhitaji kutolewa, na kama saratani iliyobaki ni kubwa, upasuaji huo wa kawaida haukutosha.

La tano ni upana wa uvimbe, na la sita ni daraja, yaani seli zimepotoka kiasi gani kutoka umbo lake la asili. Daraja la 3 ndilo baya.

Kwa namba hizo hatua ya ugonjwa hupatikana kwa mfumo wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, wa mwaka 2018. IA1 ni uzamaji usiozidi milimita 3. IA2 ni zaidi ya milimita 3 hadi 5. Ukizidi milimita 5 unaingia IB: IB1 ni uvimbe wa hadi sentimita 2, IB2 ni zaidi ya 2 hadi 4, na IB3 ni zaidi ya hapo. Mfumo wa zamani ulihesabu pia upana wa milimita 7 kwenye IA, na fomu zenye masharti hayo bado zinazunguka. Tangu 2018 upana hautumiki kutenganisha IA na IB.

Kama karatasi ina mapengo, usikubali kukatwa tena kabla ya kinyama cha kwanza kusomwa upya. Omba slaidi na vipande vya nta vilivyohifadhiwa maabara vipelekwe kwa mtaalamu anayesoma saratani za wanawake kila siku. Kwa Tanzania rufaa za namna hii huelekea Muhimbili, Ocean Road, KCMC au Bugando. Kenya ni Kenyatta au Moi ya Eldoret. Uganda ni Mulago na taasisi ya saratani iliyo jirani yake. Maabara hutunza vipande hivyo, na ni vya ugonjwa wako. Visainiwe wakati wa kuvichukua na kuvirudisha.

Hatua ya 3: Angalia kama imetoka nje ya mlango

Kwa IA1 isiyo na LVSI na yenye kingo safi, hatua hii unaweza kuiruka. Wengine wote wanahitaji MRI ya nyonga. Siti skani haioni vizuri mpaka kati ya uvimbe na nyama ya mlango wa kizazi; inafaa zaidi kutazama tezi na mapafu. Daktari anayesoma MRI aulizwe maswali mawili kwa maandishi: uvimbe una vipimo gani pande tatu, na kutoka ncha yake ya juu hadi tundu la ndani la kizazi pamebaki umbali gani. Pakiwa chini ya sentimita 1, ni vigumu kukata kwa usalama na bado kuacha mlango wa kushikilia mimba. Ikiwa umeshakatwa koni, taja tarehe kwenye fomu, kwa sababu jeraha linalopona huonekana kama uvimbe.

Wakati huohuo pima VVU kama hujui hali yako. Kuwa na VVU hakumnyimi mwanamke tiba hii. Anachohitaji ni ARV zinazofanya kazi na virusi vilivyofubaa, pamoja na ufuatiliaji wa karibu zaidi, kwa sababu mabadiliko ya HPV hurudi kwake mara nyingi zaidi.

Pima pia uwezo wa kuzaa kabla ya kuingia kwenye upasuaji mkubwa, na mwenzi naye apimwe mbegu. Upasuaji huu unaacha kizazi, haumpi mtu mimba. Mwanamke wa miaka 43 mwenye mayai machache sana anastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajabeba hatari ya ziada.

Hatua ya 4: Tiba ipi kwa nani

IA1 bila LVSI, kingo safi: koni uliyokatwa ndiyo tiba. Umemaliza, kilichobaki ni kufuatiliwa. Tunalisema kwa nguvu kwa sababu bado wako wanaotolewa kizazi kwa majibu haya.

IA1 yenye LVSI, na IA2: koni yenye kingo safi, au kuondoa mlango wa kizazi bila tishu za pembeni, pamoja na kupima tezi za nyonga.

IB1, sentimita 2 au chini: tiba iliyozoeleka ni trakelektomi pana. Mlango wa kizazi, tishu zinazoushikilia pembeni na sehemu ya juu ya uke huondolewa, kizazi chenyewe kikaunganishwa na uke. Wachache wenye hatari ndogo wanaweza kutosheka na koni na upimaji wa tezi. Masharti yanayojulikana ni ya utafiti wa ConCerv uliochapishwa 2021: uvimbe usiozidi sentimita 2, uzamaji usiozidi milimita 10, hakuna LVSI, kingo safi, aina ya ngozi bapa au adenokasinoma ya daraja la 1 au 2. Katika wanawake 100 waliokuwemo, ambao si wote waliobaki na kizazi, 5 walikutwa na saratani kwenye tezi, na ugonjwa ulirudi kwa asilimia 3.5 ndani ya miaka miwili. Sharti moja likikosekana, usijihesabu humo.

IB2: hapa pana ubishi. Vituo vingine hutoa dawa za saratani kwanza ili uvimbe unywee, kisha hukata. Saratani hurudi zaidi kuliko kwa uvimbe mdogo, na tezi lazima zipimwe kabla ya dawa kuanza. Atakayependekezewa hili aulize kituo kimewatibu wangapi na wangapi saratani imewarudia.

IB3 na kuendelea, au tezi zenye saratani: mionzi pamoja na sisiplatini, dawa ya saratani. Mionzi huua mayai na kukausha kizazi. Muda ukiruhusu, mayai yanaweza kugandishwa au ovari kuhamishiwa juu, mbali na mionzi, jambo linaloweza kuokoa homoni ingawa kizazi hakitabeba tena.

Hatua ya 5: Siku ya upasuaji

Trakelektomi pana ilianzishwa kwa njia ya uke na Daniel Dargent huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1987. Leo hufanywa kwa uke, kwa kupasua tumbo, au kwa matundu madogo. Mwaka 2018 utafiti wa LACC ulionyesha kuwa kutoa kizazi kwa matundu madogo kwa saratani hii kulileta vifo na marudio mengi kuliko kupasua tumbo. Utafiti huo haukuhusu trakelektomi, ila umewafanya wapasuaji wengi warudi kwenye tumbo au uke. Muulize daktari wako anatumia njia ipi na kwa nini.

Mpangilio wenyewe ni muhimu kuujua, kwa sababu kuna nafasi mbili ambapo mpango unaweza kubadilika njiani, na ridhaa unayosaini lazima izitaje.

Tezi hutangulia. Rangi huchomwa kwenye mlango wa kizazi kulia na kushoto, ya bluu au ile ya kijani inayong'aa chini ya kamera maalumu, ikasafiri mpaka tezi ya kwanza kila upande. Upande usioonyesha tezi hauhesabiwi kuwa safi. Tezi zote za upande huo hutolewa. Tezi hugandishwa na kusomwa palepale. Ikiwa na saratani, upasuaji husitishwa, kizazi hakiguswi, na mgonjwa huenda kwenye mionzi. Kituo kisicho na patholojia ya papo hapo hufanya kazi hii kwa awamu mbili: tezi leo, mlango wa kizazi majibu yakirudi. Ni busara, si uzembe.

Tezi zikiwa safi, daktari hutenganisha kibofu na mlango wa kizazi, huitafuta mirija ya mkojo na kuisogeza, kisha hufunga matawi ya mshipa wa damu yanayoshuka kwenye mlango wa kizazi, akijitahidi kubakiza shina lake. Hukata chini kidogo ya shingo ambako kizazi huanza, akaacha kama sentimita 1 ya mlango. Ukingo wa juu husomwa hapohapo. Ukiwa na saratani, hukatwa tena juu zaidi. Ikishindikana, kizazi hutolewa. Hii ndiyo nafasi ya pili ya mpango kubadilika.

Kisha uzi usioyeyuka huzungushwa kwenye shingo iliyobaki ili kuibana. Ndio utakaoshikilia mimba. Mpira mdogo huachwa kwenye njia ya kizazi ili njia isije ikaziba wakati wa kupona, na uke hushonwa kwenye kizazi. Uniti 2 za damu ziwe tayari kabla ya kuingia.

Hatua ya 6: Wiki na miaka inayofuata

Mpira wa mkojo hukaa siku kadhaa kwa sababu neva za kibofu zimeguswa. Ukitolewa, mkojo unaobaki baada ya kwenda haja upimwe. Ukiwa chini ya mililita 100 unaruhusiwa. Unaoshindwa kutoka si wa kuvumilia, kwani kibofu kikitanuka sana hupoteza nguvu.

Tatizo linalopuuzwa ni njia ya kizazi kuziba. Dalili yake ni maumivu ya hedhi yanayokuja kila mwezi, makali, huku damu ikiwa matone tu au haipo kabisa. Mtu hupewa dawa za maumivu miezi mitatu, kumbe damu inajikusanya ndani. Ultrasaundi huonyesha, na njia hupanuliwa kwa nusu kaputi. Uzi nao unaweza kutokeza ukeni ukaleta uchafu na damu baada ya ngono. Mguu unaoanza kuvimba uonwe mapema, kwa kuwa tezi zilizotolewa zimepunguza njia za limfu.

Kliniki ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5. Kila kipimo cha seli kiandikiwe "amefanyiwa trakelektomi". Bila maneno hayo maabara huona seli za ndani ya kizazi, ambazo sasa ziko karibu na uke, na kuziita za kutiliwa shaka. Baada ya uvimbe wa sentimita 2 au chini, saratani hurudi kwa wachache, chini ya 5 katika kila 100 kwenye ripoti nyingi. Damu isiyo ya hedhi na maumivu ya nyonga yasiyoisha ni vya kukaguliwa mara moja.

Hatua ya 7: Mimba

Subiri miezi 6 hadi 12 baada ya trakelektomi. Mimba ya kawaida inawezekana. Ikichelewa, sababu ya kwanza kuitafuta ni njia iliyoziba.

Hii ni mimba ya hatari tangu siku ya kwanza na kadi ya kliniki iandikwe hivyo kwa herufi kubwa. Asipimwe kwa vidole bila sababu. Maambukizi ya uke yatafutwe na kutibiwa mapema, maana ute uliokuwa ukiziba njia dhidi ya vijidudu umepungua. Urefu wa shingo iliyobaki upimwe kwa ultrasaundi ya ukeni kuanzia wiki ya 16 hivi. Chupa ikipasuka mapema au uchungu ukianza, mama apelekwe penye wodi ya watoto njiti, siyo zahanati ya jirani. Takriban mimba moja katika kila tatu au nne huzaliwa kabla ya wakati.

Mimba ikiharibika baada ya miezi mitatu, uzi huwa kikwazo, na dawa za kusukuma zikitolewa bila kuujua zinaweza kuuchana mlango au kizazi. Kila anayemhudumia aambiwe uzi upo. Kujifungua ni kwa upasuaji tu, kwa kawaida wiki ya 37 au 38, na uzi huachwa kama bado anataka mtoto mwingine. Baada ya koni pekee, kujifungua kwa njia ya kawaida kunaruhusiwa.

Akishamaliza kuzaa, kizazi hakitolewi kwa desturi tu. HPV ikiendelea kuonekana au seli zikibadilika, hilo ni jambo la kujadili na daktari. Vipimo vikiwa safi, anaendelea na kliniki zake.